Kutu Haingoji Paa Livuje



Swali la wiki hii limeletwa na mama mmoja mjane kupitia kikundi chake. Mume wake alikuwa fundi wa vyuma. Nyuma ya nyumba ameacha chumba chenye mashini ya kutoboa chuma, mashini ya kunoa, mashini ya kuchomea, jiliwa kubwa lile ambalo mafundi wetu wanaliita eto, na sanduku zima la vifaa. Mtoto wao wa kwanza yuko shule ya ufundi, amebakiza miaka miwili, na neno la nyumba ni kwamba akimaliza ataanza kazi na mashini za baba. Basi mama akafunika kila kitu na bashi, akalifunga vizuri kwa kamba hadi chini, akatia kufuli mlangoni. Baada ya miezi minane akafungua. Jiliwa lilikuwa jekundu. Meza ya mashini ya kutoboa ilikuwa na madoa kama ya ndui. Paa halivuji hata tone moja, naye anauliza maji yalipitia wapi.

Hayakupitia popote, mama. Yalikuwa humo ndani tangu siku ile mlango ulipofungwa. Yalikuwa ndani ya hewa.

Tunalijibu swali hili kwa urefu kwa sababu si la mke wa fundi peke yake. Mwenye mashini ya kushona, mwenye mashini ya kusaga fufu, kikundi kilichonunua mashini kwa pesa ya likelemba, wote wana chuma ndani ya nyumba. Chuma hicho ndicho kinacholipa minervali ya watoto. Kikiliwa na kutu, hakuna mwizi wa kukamata.

Hewa ya kwetu inabeba maji, na kila mama analijua jambo hili hata kama hajalisoma popote. Chumvi inalowa yenyewe ndani ya kopo. Viatu vya ngozi vinaota ukungu chini ya kitanda. Biskuti inalegea siku ileile imefunguliwa. Tuko karibu kabisa na Ikweta, kati ya msitu na mito, na kwa mwaka tunapata zaidi ya milimita 1,600 za mvua. Kiangazi chenyewe kwetu ni mvua kupungua tu. Wanaochunguza kutu wanasema chuma kitupu huanza kuliwa kwa haraka pale unyevu wa hewa unapopita karibu asilimia 60. Hapa Kisangani, tukichukua mchana na usiku pamoja, unyevu uko juu ya hapo karibu siku zote, na usiku unakaribia 100. Kwa hiyo msimwambie mtu kwamba mashini yake iko salama kwa sababu iko ndani. Kuwa ndani kunaizuia mvua. Hewa inaingia palepale.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililomshinda mama wetu. Mmeona chupa ya maji ikitoka ndani ya frigo: baada ya dakika chache inatoka jasho nje. Maji hayo hayakutoka ndani ya chupa. Ni hewa ya moto iliyogusa kitu cha baridi, ikaacha maji yake pale. Chuma kizito hufanya vilevile. Usiku kinapoa pamoja na chumba. Asubuhi jua linapanda, hewa inapata joto upesi, lakini jiliwa la kilo thelathini linakawia kupata joto. Hewa hiyo yenye maji mengi inaligusa, na jiliwa linatoka jasho. Mkipita asubuhi mapema mkaweka kiganja juu ya chuma kikubwa, mtausikia unyevu huo. Kufika mchana umekauka, hakuna aliyeuona, na kesho yake unarudi. Miezi minane ni asubuhi zaidi ya mia mbili.

Na bashi? Bashi ndilo lililoharibu zaidi. Tunajua linauma kusikia, maana mama alilinunua kwa pesa yake na alilifunga kwa nia nzuri. Lakini plastiki iliyofungwa hadi chini inaukamata unyevu unaopanda kutoka sakafuni na inaunyima njia ya kutoka. Chini ya lile bashi palikuwa na hewa iliyolowa kuliko hewa ya chumba. Kifuniko kizuri cha mashini kwetu ni kitambaa cha pamba: kikwembe kikuukuu, shuka lililochakaa, kitu kinachozuia vumbi na kinachopumua. Kisiguse sakafu, na kila wiki kipigwe jua. Ukiogopa matone kutoka juu, tandika plastiki juu tu, kama mwavuli, pande zote zibaki wazi.

Tukitaja sakafu, watu wengi wanadhani simenti ni kavu kwa sababu inaonekana kavu. Jaribuni hivi: chukueni kipande cha plastiki cha upana wa nusu mita, kitandikeni juu ya sakafu, zungushieni ukingo wote kwa utepe wa gundi, mwache usiku na mchana. Mkifunua mkakuta matone upande wa chini, basi ardhi inatuma maji juu kupitia simenti. Sakafu ya udongo haihitaji hata kujaribiwa. Inyanyueni mashini: matofali manne, juu yake mbao ngumu, hewa ipite chini. Isiegemee ukuta pia, hasa ukuta unaopigwa na mvua. Acheni nafasi ya mkono kupita nyuma yake, na nafasi hiyo itawafaa pia siku ya kufagia.

Bati nalo lina tabia yake. Alfajiri linapoa kuliko kitu kingine chochote cha nyumba, na upande wa chini linatoa jasho mpaka linadondoka. Ndiyo sababu baadhi yenu mnasema paa linavuja siku ambayo haikunyesha. Nyumba yenye plafo haina tatizo hili sana. Isiyo na plafo, hata mkeka au magunia yaliyoshonwa pamoja, yakitandikwa chini ya bati juu ya mashini, yatayapokea matone hayo.

Sasa kufungua na kufunga mlango. Tumesikia watu wakifundishana kufungua madirisha ya atelie asubuhi mapema ili hewa safi iingie. Kwa mapafu ya watu ni vizuri, kwa chuma cha baridi ni vibaya, kwa sababu zilizoelezwa hapo juu. Subirini jua lipande vizuri na umande uishe majani. Hapo ndipo hewa ya nje inapokuwa kavu kuliko ya saa nyingine zote. Acheni wazi mchana, mfunge kabla jua halijashuka. Siku ya mvua mfululizo, msifungue kabisa kama hakuna kazi.

Tuangalie pia vitu mnavyoviweka ndani ya chumba hicho, kwa sababu atelie ambayo haifanyi kazi hugeuka stoo, na stoo ya mama wa Kisangani tunaijua. Makayabu ni adui wa kwanza. Samaki wa chumvi akining'inizwa karibu na mashini, chumvi yake inavuta maji kutoka hewani, na chumvi ikishika chuma, kutu haisimami tena. Gunia la chumvi ni vilevile. Javeli ndani ya bidoni isiyofungwa vizuri inatoa mvuke unaokula chuma. Betri za jua, zile kubwa zenye maji ya asidi ambazo wengi wetu tunazo kwa sababu ya umeme kukatika, zikichajiwa zinatoa mvuke wa asidi na gesi inayoweza kuwaka. Zitoeni zikae mahali penye hewa, mbali na mashini na mbali na chumba cha kulala.

Wengine wanataka kukausha chumba kwa moto. Taa ya petroli haitakausha chochote. Lita 1 ya petroli ya taa ikiungua yote inatoa mvuke wa maji ambao, ukikusanywa, unapita lita 1. Unawasha taa ukidhani unafukuza maji, kumbe unayaongeza. Mbabula wa makala ni hatari ya namna nyingine: ndani ya chumba kilichofungwa makala yanatoa gesi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa amekaa. Msijaribu, hata kwa nusu saa, hata kama mtoto anasema atakaa mlangoni.

Ampuli ya zamani, ile inayotoa joto, ikiwashwa chini ya kifuniko cha kitambaa bila kukigusa, inaweza kuiweka mashini moto kidogo kuliko hewa na kuzuia jasho. Mafundi wa nchi nyingi hufanya hivyo. Kwetu umeme hauna uhakika, ampuli mpya hazitoi joto la maana, na kitambaa karibu na ampuli bila mtu wa kuangalia kinaweza kuleta moto. Sisi hatuipendekezi.

Kinachobaki ni mafuta, na hapo kuna mazungumzo marefu.

Mawese yako kila jikoni ya Tshopo, kwa hiyo mkono unakwenda huko kwanza. Tunaomba msiipake mashini mawese. Mafuta tunayokamua kienyeji yana asidi, na kadiri yanavyokaa asidi inaongezeka. Mara nyingi yana pia maji kidogo ndani yake. Yakikaa kwenye chuma yanachacha, yanavuta vumbi, yanakuwa kama gundi. Mashini ya kushona iliyopakwa mawese tunaitambua kabla hatujaifungua: gurudumu ni zito na harufu ni ya sufuria ya jana.

Mafuta ya vidanji, yaani yale meusi yaliyotolewa kwenye moteri ya pikipiki au gari, ni ya bure na mafundi wengi wanayatumia. Kwa jembe, panga na koleo yanasaidia, tunakubali. Lakini yana masizi, asidi na vitu vinavyodhuru ngozi vikishikwa mara kwa mara, na ni ya kuepuka kabisa pahali panapogusa chakula. Kwa mashini ya kazi nzuri, nunueni mafuta mapya. Mafuta meupe ya mashini ya kushona yanatosha kwa sehemu zinazotembea. Mafuta mapya ya moteri, tone moja moja kwa kitambaa, yanatosha kwa meza ya mashini ya kutoboa na kwa jiliwa. Kwa kitu kitakachokaa miezi bila kuguswa, grisi ni bora kwa sababu haitiririki wala haikauki upesi.

Mnaweza pia kutengeneza dawa ya kupaka wenyewe, na hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Kwangueni mshumaa, ile bujia ya kawaida, vipande vyembamba kabisa. Vitieni ndani ya chupa ya kioo yenye petroli ya taa kidogo, fungeni, muweke juani au ndani ya beseni la maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa. Kamwe msiweke juu ya moto. Tikiseni mara kwa mara mpaka nta iyeyuke. Ikipoa inakuwa laini kama pomadi. Ikibaki maji, ongezeni mshumaa. Ikiwa ngumu, ongezeni petroli. Pakeni juu ya chuma safi, kikavu, ngojeni petroli iruke, kisha mpanguse kidogo. Inabaki ngozi nyembamba ya nta isiyochafua mikono wala kushika vumbi sana. Mwenye kupata nta ya nyuki anaweza kuchanganya.

Wenye ndugu Ulaya hupokea ile kopo ya bluu na njano ya WD-40 na kuiona kama dawa ya kila ugonjwa. Ilitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, kwa kazi moja: kuyasukuma maji yatoke juu ya chuma, kwa ajili ya makombora yao. Jina lenyewe linasema hivyo, na 40 ni kwa sababu walifaulu mara ya arobaini. Kwa kufukuza maji na kulegeza parafujo iliyokwama ni nzuri sana. Lakini sehemu kubwa yake inaruka hewani, na kinachobaki ni chembamba. Ukiishapuliza, panguse, kisha tia mafuta ya kweli au nta. Kopo hiyo peke yake haitavuka msimu wetu wa mvua.

Neno juu ya petroli ya taa, maana tunaandika kwa akina mama. Msiitie ndani ya chupa ya Fanta au ya maji. Watoto wanakunywa. Mtoto akiinywa, msimtapishe na msimpe maziwa wala mawese ya kutapika. Kutapika kunaipeleka petroli mapafuni, na huko ndiko inakoua. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, na mbebe chupa muonyeshe. Esansi nayo isiingie kabisa katika kazi ya kusafisha. Mvuke wake unawaka kutoka mbali.

Mama aliyeuliza anataka kujua kama vyake vimekufa. Havijafa. Kutu ya miezi minane kwa kawaida iko juu ya ngozi. Aanze na petroli ya taa na kitambaa, aloweshe, aache usiku, asugue. Kinachobaki juu ya mwili wa jiliwa kisuguliwe kwa brashi ya waya au msasa. Vitu vidogo kama funguo, koleo na patasi viwekwe ndani ya maji ya limau au ndimu, viangaliwe kila baada ya saa, maana asidi ikishamaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe. Vikitoka vioshwe kwa maji ya sabuni, vikaushwe juani mpaka viwe moto mkononi, na vipakwe mafuta palepale. Ukiviacha dakika kumi bila mafuta, utaona wekundu mpya ukianza mbele ya macho yako.

Sehemu moja isisuguliwe hovyo: zile zilizochongwa kwa kipimo. Nguzo inayong'aa ya mashini ya kutoboa, parafujo ndefu ya jiliwa, tundu linaloshika keekee. Msasa mkali ukipita hapo unaondoa chuma pamoja na kutu, na mashini inaanza kucheza. Hapo ni petroli, kitambaa, uvumilivu, na fundi mwenzake marehemu kama yupo wa kuaminiwa.

Akijikata katika kazi hiyo, aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, aende kituo cha afya. Watu wanasema kutu inaleta pepopunda. Pepopunda inaletwa na kijidudu kinachoishi ndani ya udongo na mavi ya wanyama. Kinaingia kwa msumari mwekundu kama kinavyoingia kwa mwiba mweupe. Kinachokinga ni chanjo. Wengi wetu tulichanjwa wakati wa mimba, lakini waume na vijana wetu wa atelie hawabebi mimba, na hakuna anayewauliza. Waulizeni ninyi.

Kabla ya kuwasha umeme kwenye mashini iliyolala miezi, subirini. Nyaya ndani ya moteri zimevuta unyevu pia, na zikipigwa umeme zikiwa zimelowa zinaweza kuungua au kumpiga mtu. Mashini ikae siku mbili tatu mahali pakavu pa joto, izungushwe kwa mkono, nyaya za nje ziangaliwe kama panya hawajazitafuna, na fundi wa umeme aipime. Mashini ya kuchomea ndiyo ya kuogopewa zaidi.

Kwa wenye mashini ya kushona mambo ni mepesi, ila yanataka ukawaida. Adui wenu ni nyuzinyuzi za kitambaa zinazojaa chini ya sindano na ndani ya nyumba ya bobini. Pamba inakunywa maji ya hewa, kisha inayalaza juu ya chuma usiku kucha. Kila jioni ondoeni kwa brashi ndogo. Siku ya kazi nyingi, tone moja la mafuta katika kila tundu, mzungushe gurudumu, mshone juu ya kitambaa kibovu mpaka mafuta yaliyozidi yatoke. Jumamosi mkifunga kwa ajili ya Jumapili, acheni kipande cha kitambaa kilichotiwa mafuta kidogo chini ya mguu wa mashini. Na pangusa pale mikono inaposhika: jasho letu lina chumvi, na alama za vidole huonekana juu ya chuma baada ya siku chache tu.

Mashini ya kusaga ina shida yake, kwa sababu muhogo uliolowekwa una asidi na unga unavuta maji. Ikimaliza kazi ya siku, ifunguliwe, ikwanguliwe ikiwa kavu, ipigwe brashi. Msiioshe kwa maji jioni na kuifunga. Upande unaogusa unga usipakwe mafuta ya moteri wala grisi. Asubuhi anzeni na kiasi kidogo cha muhogo mkavu, unga huo wa kwanza mumwage, ndipo msage wa watu.

Turudi kwa mlango wenye kufuli, maana tunajua kwa nini mama aliufunga, na si kwa sababu ya wezi peke yao. Fundi akifariki, mashini zake zinakuwa maneno. Ndugu wa marehemu wanasema za ukoo, watoto wanasema zetu, na mpaka kikao kiishe hakuna anayeruhusiwa kugusa. Tumeona vikao vilivyochukua mwaka, na mwisho kilichogawanywa ni chuma cha kupimwa kwa kilo. Tunawashauri hivi. Siku ya kufunga chumba, kabla ya kufuli, waiteni shemeji na mkubwa wa ukoo. Andikeni kila mashini, na hali yake, kwenye daftari. Pande zote mbili ziweke sahihi. Kisha palepale, mbele ya macho yao, kila chuma kipanguswe na kupakwa grisi, na muandike kwamba mlango utafunguliwa mara moja kwa mwezi kwa kazi hiyo, kila upande ukiwa na mtu wake. Ni vigumu ndugu kukataa jambo linalolinda kitu wanachokidai wenyewe. Kijana wa shule ya ufundi ndiye awe mshika kitambaa, kwa sababu mkono wake unazijua mashini, nazo zitamjua.

Kwa vikundi, gharama ni ndogo lakini lazima iwe na jina. Kwenye likelemba la mashini, tengeni mafuta, mishumaa na petroli tangu mwanzo, kama mnavyotenga karatasi na kalamu, na mchague mama mmoja wa zamu kila wiki. Kitu cha wote bila zamu tunajua kinavyokwisha.

Tumalizie na wanaongoja mashini kutoka Kinshasa. Kwa njia ya maji ni karibu kilomita 1,700, na sanduku linaweza kukaa wiki nyingi juu ya baleinyeri, mvua juu, mto chini. Lifungueni siku ileile linapofika, na karatasi na maboksi yaliyolowa yatupwe, kwa sababu karatasi iliyolowa ikikaa juu ya chuma inaacha alama isiyotoka. Mashini mpya mtaikuta imepakwa kitu kizito cha rangi ya kahawia kinachonata. Vijana watataka kukiosha mara moja ili mashini ing'ae mbele ya wageni. Hicho si uchafu. Ni grisi ya kiwanda, imewekwa kwa ajili ya safari kama hiyo. Kiacheni hadi siku ya kuanza kazi. Siku hiyo ndipo kitoke kwa petroli ya taa, na mafuta mapya yaingie kabla ya jioni.